Paka naye ale

Anayejenga Kibaha siku hizi, kuanzia Kwa Mathias hadi Mlandizi, anajua kwamba mpangaji wa kwanza si yeye. Plasta haijakauka, panya wameshagawana vyumba huko darini. Kisarawe hali ni hiyohiyo, ila wa Maneromango na Mzenga wanaongezewa mahindi na korosho za kutafuna. Usiku wanakimbizana juu ya jipsamu, asubuhi kiroba cha unga kina tundu. Ndipo mwenye nyumba anapoanza kuuliza kwa majirani: hamna mtoto wa paka hapo?

Swali hilo tunaliunga mkono. Tunachogombana nacho ni yanayofuata paka akishafika.

Panya si wa kuvumiliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemfuatilia panya shamba kwa miongo kadhaa: mimba yake ni siku 23 hivi, na uzao mmoja huweza kupita watoto kumi. Mvua zikinyesha vizuri na chakula kikawa tele, hesabu yake haishikiki. Na hasara haiishii kwenye unga. Julai 2022 wilayani Ruangwa, Lindi, Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20 na vifo vya watu 3 kutokana na homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, panya akiwa wa mbele katika orodha hiyo. Anayeacha sufuria na ndoo za maji wazi usiku alifikirie hilo.

Basi paka aje. Lakini wengi wetu humchukua kama mtego: ukishautega, hauli. Anayesema "akishiba hatawinda" humnyima chakula makusudi ili apate ukali. Huo ni ukatili, na hata kwa hesabu ya panya haulipi. Paka huwinda kwa silika. Aliyekula dagaa na ugali jioni bado atakaa saa nzima mbele ya tundu la panya. Mwenye njaa ndiye anayehama, akaenda kufunua sufuria ya jirani na kumaliza vifaranga vyake, kisha ugomvi ukafika kwa mjumbe. Kwa watu wa Pwani hili lisingehitaji mhariri kulisema. Hadithi ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, tumeisikia madrasa tangu utotoni.

Kosa la pili ni kumbebesha paka kazi isiyo yake. Katika kiwanda kimoja cha taka New York, watafiti walifuatilia paka na panya kwa siku 79 wakahesabu panya wawili tu waliouawa. Panya mkubwa ana meno, na paka anajua. Kilichobadilika ni kwamba paka walipokuwepo, panya walijificha zaidi. Utafiti wa vijijini Eswatini uliochapishwa mwaka 2017 ulikwenda mbele kidogo: panya walipunguza kuzurura kutafuta chakula katika nyumba zenye paka na mbwa pamoja, wakati paka peke yake hakuleta tofauti kubwa. Habari ya mbwa tunaiacha kwa kila familia iamue, tunajua tuko wapi. Lakini funzo kwa asiye na mbwa liko wazi. Paka anatia hofu. Anayemaliza panya ni yule anayeziba matundu chini ya paa, anayeweka nafaka kwenye pipa lenye mfuniko, na asiyelaza vyombo vichafu. Kwenye nyumba iliyojaa makombo, hata paka watatu watashindwa.

Kosa la tatu linaua. Kila siku anapita kijana na kipaza sauti chake akinadi sumu ya panya, mende na kunguni, pakiti nyingine hazina hata lebo. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya aliyeila huzunguka siku kadhaa akiwa mzito, na mzito ndiye paka anayemkamata kwanza. Hapo umemlisha paka wako sumu kwa mkono wako, tena ukabaki na panya. Mtoto anayetambaa naye yumo hatarini. Sheria iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ni ya mwaka 2020, na viuatilifu vinatakiwa visajiliwe kabla ya kuuzwa. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zingeanzia hapo: ziwasimamishe wauzaji na kuuliza kilichomo ndani ya pakiti.

Kisha yale ambayo hakuna anayeyasema anapokukabidhi paka ndani ya boksi. Kichaa cha mbwa humpata paka vilevile, na akiuma au kukwaruza anaweza kukuambukiza, hivyo achanjwe; afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa. Mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka. Jike huanza kubeba mimba akiwa hata hajatimiza mwaka, na mimba ni miezi miwili tu. Asiyemfunga kizazi atajikuta na sita kabla ya mwaka kwisha, na sote tumeona wanapoishia: kwenye kiroba, kando ya soko, alfajiri. Daktari wa mifugo wa kufanya kazi hiyo si rahisi kumpata huku kwetu, na gharama yake si ya kila mtu. Siku za chanjo ya mbwa zingeweza kubeba na huduma ya kuhasi paka, kwa bei ambayo mkulima wa Masaki anaimudu.

Na yule mweusi, asipigwe mawe. Panya haangalii rangi.

Kwa hiyo msomaji, jirani akikupa mtoto wa paka wiki hii, mpokee. Mtengee bakuli lake la maji na chakula cha jioni. Ila kabla hujamfungulia atoke kwenye boksi, nenda nyuma ya kabati uitoe ile sumu uliyoiweka mwezi uliopita.