Feni ya betri isisahaulike

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wanaonunua magari ya haibridi yaliyotumika. Langu lilitoka Japani likiwa na miaka saba, ndani ya kikomo cha miaka minane kilichowekwa hapa Kenya. Mwaka wa pili taa ya onyo ikawaka, na kupanda mlima kukawa taabu. Fundi wa kwanza alinitajia shilingi 180,000 za betri nzima. Nilikaribia kukopa.

Fundi wa pili alifungua kando ya kiti cha nyuma, penye tundu linalovuta hewa ya kupoza betri. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi tupu! Joto lilikuwa limeua seli mbili, na kwa kuwa seli huunganishwa mfululizo, hizo mbili zikadhoofisha zote. Nililipa 24,000 kubadilishiwa hizo mbili. Alinieleza wazi kwamba zilizobaki ni kuukuu na nyingine huenda zikafuata. Nilimshukuru kwa ukweli huo.

Wauzaji, mpimieni mnunuzi betri kabla hajalipa. Nasi wenye magari tusafishe feni hiyo kila sevisi. Na fundi asiye na glavu za kuzuia umeme asiguse nyaya za rangi ya chungwa: umeme wake unaua.

Msomaji wenu,
Nakuru