Taifodi isiyoisha: Utafiti wa Malawi una somo kwa wazazi

Si jambo geni siku hizi kumsikia mtu akisema ana taifodi ya mwaka wa tatu. Ametumia dozi baada ya dozi, na kila akipima anaambiwa bado ipo, mara imeshuka, mara imepanda. Wazazi nao hurudi kutoka zahanati na karatasi ya majibu iliyoandikwa “malaria na taifodi” au “UTI na taifodi”, pamoja na mfuko wa dawa. Wiki chache baadaye mtoto anachemka tena, na safari inaanza upya.

Je, kweli ugonjwa huu hauponi, au majibu ya maabara ndiyo yanayosomwa vibaya?

Sehemu kubwa ya jibu inapatikana kwa jirani zetu wa Malawi. Katika mji wa Blantyre, Profesa Melita Gordon wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, ambaye ni daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula, ametumia miaka mingi kuchunguza bakteria wa jamii ya Salmonella. Hawa huingia mwilini kwa njia ya tumbo. Kazi yake ni kujua wanavyoikwepa kinga ya mwili na namna kinga hiyo inavyoweza kufundishwa kuwashinda.

Bakteria anayejificha

Taifodi, au homa ya matumbo, husababishwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Huingia kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyembeba. Vijidudu wengi wa kuharisha humalizia vurugu zao ndani ya utumbo. Huyu hupenya ukuta wa utumbo mdogo, akaingia ndani ya chembe zilezile za ulinzi ambazo zilitakiwa kummeza na kumuua, kisha akasafiri nazo hadi kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa. Kwa nje amejivika koti la sukari liitwalo Vi, linalomsaidia asitambulike mapema.

Ndiyo maana homa yake hupanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ikiambatana na kichwa kuuma, tumbo kuuma na kukosa hamu ya kula. Wapo wanaoharisha, lakini wapo pia wanaofunga choo. Asipotibiwa, mgonjwa anaweza kutokwa na damu tumboni au utumbo ukatoboka.

Mwili ukishamtambua adui huyu hutengeneza kingamwili, yaani askari maalumu wa kumkabili. Askari hao hawaondoki siku homa inapokatika. Huendelea kuzunguka kwenye damu kwa miezi, na kwa baadhi ya watu kwa muda mrefu zaidi.

Widal inapima nini?

Kipimo kinachotumika kwenye maabara nyingi za mitaani ni Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili. Kwa hiyo kikitoa majibu chanya, mwenye damu hiyo anaweza kuwa mgonjwa wa taifodi leo, au aliugua zamani akapona, au alikutana na Salmonella wa aina nyingine. Hata homa nyingine, ikiwamo malaria, imewahi kuonekana ikikichanganya kipimo hiki.

Utafiti uliofanyika hospitali ya Teule, Muheza mkoani Tanga, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwaangalia watoto waliolazwa wakiwa na homa. Majibu ya Widal yalilinganishwa na ya kuotesha damu, kipimo ambacho damu huwekwa kwenye chupa maalumu ili bakteria akiwamo aote na kuonekana. Kati ya watoto ambao Widal ilisema wana taifodi, takribani mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyethibitika kuwa nayo. Widal ilipokuwa hasi, karibu mara zote ilisema kweli.

Hapo ndipo ilipo siri ya “taifodi ya miaka mitatu”. Mtu akipima Widal baada ya dozi ili aone kama amepona, anachopima ni kumbukumbu ya mwili wake, na kumbukumbu haifutwi na dawa.

Gharama yake si fedha ya dawa tu. Mtoto aliyebandikwa jina la taifodi huacha kutafutiwa chanzo halisi cha homa yake. Katika utafiti wa Moshi uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walipimwa kwa kina. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, lakini waliothibitika kuwa na malaria walikuwa asilimia 1.6. Wengi walikuwa na magonjwa ambayo hata hayakufikiriwa, yakiwamo yale yanayotoka kwa wanyama kama leptospirosisi na homa ya Q. Malaria imeshapata kipimo cha haraka kinachoaminika. Taifodi bado inasubiri cha kwake.

Ndugu wa taifodi anayeua kimya

Kazi ya awali ya Profesa Gordon ilihusu ndugu wa bakteria huyu, yaani Salmonella wasioleta taifodi. Ulaya wanajulikana zaidi kwa kuharisha siku chache baada ya kula mayai au kuku asiyeiva. Kwetu Afrika huingia kwenye damu na kuua. Mwaka 2002, yeye na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 100 watu wazima wa Blantyre waliokuwa na VVU na bakteria hao kwenye damu, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea. Karibu nusu yao walifia hospitalini, na wengi wa waliopona maambukizi yaliwarudia. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa bakteria hao walikuwa wamejificha ndani ya chembe za mwili.

Wengine walio hatarini ni watoto wadogo, hasa chini ya miaka miwili, ambao kinga waliyopewa na mama imekwisha na ya kwao haijakomaa. Malaria kali, upungufu wa damu na utapiamlo huwaongezea hatari. Mara nyingi mtoto wa aina hii haharishi. Ana homa tu, na pengine anahema haraka kama mwenye nimonia. Chanjo dhidi ya bakteria hawa bado ziko kwenye majaribio.

Chanjo iliyopimwa kwa watoto 28,130

Kwa taifodi yenyewe, habari ni nzuri zaidi. Mwaka 2018, timu iliyoongozwa na Profesa Gordon iliwachanja watoto 28,130 wa Blantyre wenye umri wa miezi tisa hadi miaka 12. Nusu walipata dozi moja ya chanjo mpya ya taifodi, nusu chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Waliopata homa walioteshwa damu. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha watoto 12 wenye taifodi katika kundi la kwanza na 62 katika kundi la pili, yaani kinga ya takribani asilimia 80. Baada ya zaidi ya miaka minne, ilikuwa bado asilimia 78.

Inavyofanya kazi si vigumu kueleza. Kinga ya mtoto mchanga haiikumbuki vizuri sukari ya lile koti la Vi ikiwa peke yake. Wanasayansi wakaiunganisha na protini ya pepopunda, ambayo kinga ya mtoto huikumbuka. Widal haipimi kingamwili za koti hilo, kwa hiyo haiwezi kumwambia mzazi kama chanjo imeshika.

Malawi iliiingiza chanjo hii kwenye ratiba yake mwaka 2023. Kenya ilifuata Julai 2025 kwa kampeni ya watoto wa miezi tisa hadi miaka 14.

Kwa nini Malawi iliweza kuamua

Malawi ilijua hali yake kwa sababu hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, ilikuwa na mazoea ya kuotesha damu za wagonjwa wa homa mwaka hadi mwaka. Kati ya 1998 na 2010 ilipata wastani wa wagonjwa 14 wa taifodi kwa mwaka. Mwaka 2013 walifika 843. Katika kipindi hicho bakteria waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa za kawaida walipanda kutoka takribani asilimia 7 hadi asilimia 97 mwaka 2014.

Shirika la Afya Duniani linaipendekeza chanjo hii kwa nchi zenye taifodi nyingi au yenye usugu wa dawa. Nchi inayohesabu taifodi kwa Widal haiwezi kujua iko wapi, kwa kuwa inachanganya waliougua jana na waliougua miaka iliyopita. Wakati huohuo, kila dozi ya antibayotiki inayotolewa kwa taifodi ambayo haipo huwapa bakteria wengine nafasi ya kujifunza usugu. Uwekezaji wa kuotesha damu katika hospitali za wilaya ungemsaidia mtoto aliye kitandani na anayepanga bajeti ya chanjo pia.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, usimnyime mtoto dawa ambayo daktari ameona anaihitaji. Taifodi ipo na inaua. Lakini una haki ya kuuliza: “Daktari, kipimo hiki ni Widal au cha kuotesha damu?” Kama kuotesha kunapatikana, damu itolewe kabla ya kuanza antibayotiki. Fahamu pia kuwa kuotesha hukamata takribani wagonjwa sita kati ya kumi, hivyo daktari huangalia na dalili.

Pili, usirudie Widal ili kuthibitisha kupona. Kupona huonekana kwa homa kukatika na mtoto kula na kucheza. Homa isipokatika, rudi hospitali, usiende duka la dawa kuongeza dozi.

Tatu, mpeleke hospitali haraka mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea, anayehema kwa shida, au mwenye tumbo gumu linalouma sana. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa asisubiri hata usiku mmoja.

Nne, chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, na ukipeleka mtoto kliniki uliza kama chanjo ya taifodi inapatikana. Hata aliyechanjwa anaendelea kuhitaji maji safi, kwani chanjo haizuii kipindupindu wala magonjwa mengine ya kuharisha.