Mayai ya bata chini ya kuku

Mwezi huu nawaeleza kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilimwekea kuku wangu mayai sita yake na matano ya bata, yote siku moja. Siku ya 21 vifaranga wa kuku wakatoka, naye akaondoka nao kiotani. Mayai ya bata yakapoa. Nilipoyapasua nilikuta vifaranga wamekwisha kuumbika. Niliumia sana.

Yai la kuku huatamiwa siku 21, lakini la bata wetu mwenye uso mwekundu huhitaji siku 35. Basi chagua kuku mtulivu, tanguliza mayai ya bata, na baada ya siku 14 ongeza ya kuku. Yote yataanguliwa karibu wakati mmoja. Kila siku mwondoe kiotani ale na kunywa maji, kisha arudi upesi. Yai likitimiza siku 7, limulike kwa tochi gizani: lenye mishipa ya damu lina uhai, jeupe tupu liondoe.

Ukishika mayai au vifaranga, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.