Barghash Hakubeba Udongo

"Beit el Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883." Sentensi hii nimeisikia kwa waongoza watalii, nimeisoma vitabuni, na kila mara huniwasha. Sultani aliamuru na kulipia. Hakuchimba udongo, wala hakujitwika jiwe hata moja.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojileta chenyewe. Mpaka utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, miongoni mwa waliofanya kazi za mji huu walikuwemo watumwa waliokodishwa kama vibarua, wakatoa jasho, kisha sehemu ya ujira wakampelekea bwana. Neno tumelirithi. Watu wenyewe tumewasahau.

Na kazi ile haikuwa ya mchezo. Ukichimba udongo kwa kwenda chini, ukaacha kingo zimesimama wima, mvua ya masika ikishazilowesha, zinakufunika. Jiwe la matumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo mpaka ligeuke chokaa, na chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka. Jasho nalo ni maji. Inaunguza ngozi, ikiingia jichoni, inaweza kukupofua. Anayeipepeta anaivuta kifuani kutwa nzima.

Najua jibu linalotolewa: majina yao hayakuandikwa, sasa tutaje nini? Tutaje kazi. Hatulijui jina la kila seremala, lakini milango yake tunaisifu, tunaipiga picha, tunaieleza msumari kwa msumari. Kwa nini fundi wa nakshi akumbukwe kwa kazi ya mikono yake, na mchimba udongo aliyeushikilia ukuta wenye mlango huo asikumbukwe? Kinachokosekana hapa ni heshima, si kumbukumbu.

Wengine watasema haya ni ya kale. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Siku ile dunia ililia jengo. Na hivi leo, hapa Unguja, wapo wanawake wanaoketi juani wakivunja mawe kuwa kokoto kwa nyundo, macho wazi, bila miwani wala glavu.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Urithi huo una warithi wengi wenye hoteli. Mimi nadai mambo mawili tu: kila kibao kinachomtaja aliyeamuru nyumba kijengwe upya, kiwataje na waliochimba, waliochoma na waliobeba, na anayevunja kokoto leo apewe miwani kabla mtalii hajapewa ramani.