Ukitoa damu leo, velo ipumuzike pia



Kila mara damu inapokosekana mu lopitali, ujumbe unapita mu telefone mbiyo sana: kuko mama anavuja damu kisha kuzaa, kuko mutoto malaria imemumalizia damu, nani iko na O negatifu? Na vijana wanakuja. Tunajivunia hiyo. Lakini kuko jambo moja halisemwake. Mutu akisha kutoa, akishuka ku kitanda, akikunywa sikre yake na biskwi mbili, anarudi nyumbani namna gani? Huku Goma wengi wanarudi juu ya velo. Na kesho yake saa kumi na mbili ya asubui wako ku barabara tena, na bidoni za maji nyuma, ao kiloba ya makala, ao na wenzao wa klubu wanapanda kilima.

Tunasema yule mutu anastahili kuelezwa. Na yule anayekula kwa nguvu ya miguu yake, aelezwe mara mbili, na aelezwe mbele ya sindano, siyo kisha.

Tuanze na hesabu. Mutu mukubwa iko na damu karibu litri 5. Poshi moja inachukua mililita 450, ni kusema chini kidogo ya sehemu moja juu ya kumi. Maji ya ile damu, mwili unayarudisha haraka: siku moja ao mbili, kama unakunywa vizuri. Ndio maana kesho yake unaamka muzima, unafua nguo, unabishana juu ya mpira, huone shida yoyote. Mutego uko hapo. Maji yamerudi, lakini chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni kutoka ku mapafu mpaka ku misuli, hazijarudi bado. Mwili unazitengeneza polepole ndani ya mifupa, na kazi hiyo inaomba wiki 4 mpaka 8. Kwa hiyo damu inajaa mushipa lakini iko nyepesi, kama supu waliyoongeza maji juu wageni wamefika wengi.

Mutu anayekaa ku biro hatasikia kitu. Mutu wa velo atasikia ku kilima cha kwanza: moyo unapiga mbiyo kuliko kawaida, pumuzi inakata, miguu inakuwa kama ya mutu mwingine. Wale waliopima waendesha baiskeli kabla ya kutoa damu na kisha yake waliona vile vile. Kwenda polepole hakubadilike sana. Nguvu ya juu kabisa ndiyo inapunguka, ile unatafuta wakati unapanda ao unakimbizana na mwenzako, na inaomba kama wiki mbili tatu kurudia mahali pake. Na tusisahau tunaishi wapi. Ziwa Kivu liko mita 1.460 juu ya bahari, na barabara ya kuenda Kibumba inazidi kupanda. Hewa ya huku ni nyembamba kuliko ya Matadi. Mwili wetu umezoea, lakini umezoea na damu yake yote.

Basi siku ile yenyewe, hapana kupanda velo. Hata kama unajisikia vizuri. Kizunguzungu kinaweza kuja saa kadhaa kisha kutoa, wakati umekwisha kutoka ku lopitali na hakuna muganga karibu, na macho yakifunga giza katikati ya motari na makamyo, haitakuwa tena hadisi ya kutoa damu. Isukume kwa mukono, ao umupe mwenzako airudishe. Na mukono ule waliochoma, usiuegemeze ku gido ya velo wala usibebe nao kitu kizito siku ile, mushipa unaweza kuvuja chini ya ngozi na ukaamka na alama nyeusi mpaka ku kiwiko. Ukisikia joto la gafla, jasho la baridi, masikio yanalia: shuka, lala chini, inua miguu juu. Usione haya. Wenye kuona haya na kujikaza wamesimama ndio wanaanguka vibaya.

Siku mbili tatu zinazofuata, enda pa sawasawa, polepole, kwa mwendo ambao unaweza kuongea bila kukatika pumuzi. Mwenye kubeba mizigo, abebe nusu. Kazi ya kawaida irudi kidogo kidogo mu wiki ya kwanza, na vilima vya nguvu na mashindano vingoje mpaka zile wiki mbili tatu ziishe. Kama kuko mashindano karibu, wala usijisumbue: shindana kwanza, utoe kisha. Damu itahitajika na mwezi ujao.

Tunajua jibu tutakalopata ku kartie. Mutu wa chukudu atacheka. Mji wetu ulimujengea sanamu ya rangi ya zahabu pale Rond-point Chukudu, lakini hakuna aliyemuwekea siku moja ya kupumuzika ya kulipwa. Asipotoka, watoto hawali. Na chukudu yenye mizigo ya kilo mia na mia, ikishuka kilima, haingoje dereva wake amalize kizunguzungu. Kumwambia huyu "pumuzika" tu, bila kufikiria atakula nini, ni kujifurahisha sisi wenyewe. Kwa hiyo neno letu la leo haliendi kwake kwa kwanza. Linaenda kwa wote wanaopanga siku za kutoa damu: malopitali, makanisa, mashule, mashirika, na vikundi vya vijana kama sisi.

Wekeni zile siku ku siku ya posho kisha midi. Huyu wa velo anakuwa amekwisha kutafuta franga ya asubui, atatoa damu, na siku ya mungu atapumuzika kama wengine. Hiyo haiombe bajeti. Inaomba tu mutu kufikiri kabla ya kuandika tangazo. Pale ku meza ya kuandikisha majina, ulizeni kila mutu kazi yake na kile alichokuja nacho. Aliyekuja na velo, na aliyekuja na moto pia, aangaliwe dakika nyingi kuliko wengine mbele ya kuachiliwa.

Na chakula. Sikre na biskwi zinasaidia lile saa, ni vizuri, lakini tuseme ukweli: rangi nyekundu ya sikre siyo damu, na Primus ya jioni inazidi kukausha mwili. Kinachokosekana ni madini ya chuma. Mu poshi moja unatoka na miligramu 200 mpaka 250 ya chuma, na tumbo, kwa kawaida, linaingiza miligramu moja ao mbili kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Ni miezi. Ndio maana Shirika la Afya la Dunia linashauri mwanaume angoje wiki 12 kabla ya kutoa tena, na mwanamke 16, juu mwanamke anapoteza damu kila mwezi na akiba yake iko ndogo. Chuma kiko mu nyama, mu maini, mu sambaza zetu za ziwa, mu maharagi, mu lengalenga. Maharagi na majani, uyasindikize na ndimu, chungwa ao pera, chuma kitaingia vizuri zaidi. Chai na kahawa ziache mbali na sahani, zinakizuia. Wengi wetu tunafanya kinyume: maharagi, na chai juu yake palepale.

Kuko wanaosema kumupa mutoaji sahani ya maharagi na samaki ni kununua damu. Hapana. Damu isiuzwe wala isinunuliwe, hapo hatubadilishe neno. Lakini chakula cha siku ile na franga ya transpori ya kurudia nyumbani siyo bei ya damu. Ni kumurudisha mutu salama kwao. Anayeona hiyo ni gharama kubwa, aulize poshi moja inaokoa nani.

Tena kuko wale ambao wasingepaswa kufika ku sindano. Mwenye chini ya kilo 50 hatoi mililita 450. Mwanaume mwenye hemoglobini chini ya 13, mwanamke chini ya 12, aende atibiwe kwanza. Anayepanda velo siku muzima na kula mara moja kwa siku anaweza kuwa mu hesabu hiyo bila kujua, na misuli yake mikubwa inadanganya macho. Tusikubali mahali popote wapitishe mutu kwa kumuangalia uso tu. Kidole kichomwe, kipimo kisomwe, namba aambiwe mwenyewe.

Kwa nini tunakaza hivi? Chembe nyekundu hazikae mu frigo zaidi ya wiki chache. Umati wa watu mia kwa siku moja ni picha nzuri, lakini mwezi wa tatu ile damu haiko tena, na mutoto wa malaria anafika usiku ule ule. Benki ya damu inaishi kwa wale wanaorudi, mara tatu kwa mwaka, bila kuitwa. Kijana aliyeanguka na velo yake siku ile ya kwanza hatarudi, na atasimulia kartie nzima. Aliyepelekwa nyumbani akiwa ameshiba, mwenye kujua kwa nini kilima kinamushinda wiki hii na lini kitaacha kumushinda, atarudi na ndugu yake.

Tunaomba basi kila kituo kimuachie mutoaji kakaratasi kadogo, kwa Kiswahili, siyo Kifaransa peke yake: tarehe aliyotoa, hemoglobini yake, tarehe anayoweza kutoa tena, na numero ya simu ya kuita kama kizunguzungu kinamupata usiku.