Mkutano umekwisha: nani atafanya kazi?



Mwezi uliopita nilitumwa Kigali pamoja na wahamasishaji wengine wa afya, kuhudhuria mkutano wa siku moja juu ya maji na usafi. Aliyeongoza mkutano aliweka simu yake katikati ya meza, akatuomba ruhusa ya kurekodi maneno yetu, kisha akasema: "Leo hatuna karani. Karani wetu ndiye huyu." Tulicheka. Lakini mkutano ulipokwisha, kabla chai haijapoa, simu ile ilikuwa imetoa orodha: kazi ya kufanywa, mtu wa kuifanya na siku ya kuimaliza.

Wenzangu walistaajabia simu. Mimi nilikumbuka mfereji.

Mfereji wetu na daftari langu

Karibu na bomba la mtaa wetu kambini kuna mfereji wa kuondoa maji machafu. Uliziba. Tulifanya mkutano, tukakubaliana uzibuliwe. Mkutano wa pili, tukakubaliana tena. Wa tatu vilevile, na watu wakapiga makofi. Kamati ya maji ilidhani vijana watakwenda. Vijana walidhani shirika litaleta watu. Shirika lilikuwa linangoja kamati iandike barua ya kuomba majembe.

Mvua ikanyesha. Maji yakajaa, yakaingia chooni, yakarudi mpaka penye bomba. Wiki ile watoto kadhaa waliharisha, na mmoja alilazwa siku mbili akiwekewa maji ya mshipani. Namshukuru Mungu alipona. Nilipofungua daftari la mikutano nikasoma: "Imekubaliwa mfereji uzibuliwe." Na nani? Lini? Kwa vifaa gani? Hakuna. Na karani wa mikutano hiyo ni mimi mwenyewe.

Ndiyo maana nataka kutoa maoni yangu juu ya karani huyu mpya.

Karani wa simu anafanyaje kazi?

Ni programu ya kile kinachoitwa akili bandia. Kwanza inageuza sauti kuwa maandishi. Halafu inapitia maandishi hayo na kutafuta maneno ya ahadi, kama "mimi nitapeleka" au "tumalize kabla ya Ijumaa". Inayapanga katika orodha. Programu nyingine zinaweza pia kumkumbusha mhusika siku inapokaribia.

Faida yake ni kubwa. Karani binadamu anachoka, anaitwa nje, au anaandika yale aliyoyapenda tu. Ofisi nyingi zina mikutano mitatu kwa siku, na ahadi ya asubuhi inasahauliwa jioni. Msaada wa namna hii si wa kudharau.

Lakini tuyajue makosa yake

Pale Kigali mwenzetu mmoja alisema vifaa vitagawiwa saa mbili asubuhi. Orodha ilitoka kwa Kiingereza, na programu ikaandika saa ya kizungu, 2.00, ambayo kwetu ni saa nane. Tuliisahihisha kwa sababu tulisoma pamoja. Fikirini kama ingekuwa siku ya chanjo: akina mama wangefika wakati wauguzi wamekwisha funga masanduku.

Kosa la pili ni la lugha yetu ya heshima. Mzee mmoja alipoombwa atoe kiwanja cha kujengea choo, alijibu: "Tutajitahidi." Programu ikaandika kwamba amekubali. Sisi sote tuliokuwa pale tulijua kwamba amekataa kwa upole.

La tatu, mashine inaweza kuandika neno ambalo hakuna aliyelisema. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya programu moja maarufu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Walikuta kwamba katika sehemu kama 1 kwa kila 100 za sauti walizozipima, programu ilikuwa imeongeza maneno yake yenyewe. Jambo hilo lilitokea zaidi pale msemaji aliponyamaza kwa muda. Na katika mikutano yetu, ambapo mtu anaanza kwa Kiswahili, anapita kwenye Kinyarwanda na kumaliza kwa Kifaransa, hatari ya kusikia vibaya haiwezi kuwa ndogo.

La nne ndilo zito kuliko yote: siri ya mgonjwa. Mara nyingi sauti inayorekodiwa inatumwa kwa njia ya intaneti na kuhifadhiwa katika kompyuta zilizo nchi nyingine. Sheria ya Rwanda namba 058/2021, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inalinda taarifa za mtu binafsi, na habari za afya zinahesabiwa kati ya zile nyeti. Kwa hiyo mkutano unaotaja jina la mwenye kifua kikuu, mwenye virusi vya ukimwi au mama aliyepigwa nyumbani usirekodiwe na simu ya mtu yeyote.

Kigali ilianza kabla ya mashine

Wako wanaosema kwamba bila teknolojia hatuwezi kufuatilia maazimio. Sikubali. Tuangalie nchi hii inayotuhifadhi. Mwaka 2006 viongozi wa wilaya walianza kutia sahihi imihigo mbele ya Rais wa Jamhuri: yale watakayotimiza katika mwaka, ambayo baadaye yanapimwa. Mkutano wa taifa wa Umushyikirano, ulioanza mwaka 2003, unatoa maazimio yaliyoandikwa, na Serikali inakuja kueleza yametekelezwa kiasi gani. Mambo hayo yalianza kwa karatasi na kalamu.

Nguvu yake iko wapi? Ahadi ina mwenyewe, ina siku, na inasomwa mbele ya watu. Mashine inaweza kuandika upesi yaliyosemwa. Haiwezi kuchota jina pale ambapo hakuna aliyejitolea. Kama simu ile ingekuwa katika mikutano yetu mitatu ya mfereji, ingetoa orodha safi yenye maneno "kamati itashughulikia", na mfereji ungebaki umeziba.

Tufanye nini?

Ninapendekeza kila kamati ya mtaa, yenye simu na isiyo na simu, isimalize jambo lolote kabla ya kujibu maswali manne: Kazi gani? Nani, kwa jina lake? Lini? Kwa vifaa gani, na nani atavitoa? Kabla watu hawajasimama, karani asome orodha kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, na kila aliyetajwa aitike. Mkutano unaofuata ufunguliwe kwa kuisoma orodha ile ile.

Pale ambapo ofisi inatumia programu, iombe ruhusa kwanza, majina ya wagonjwa yasitajwe, na orodha isipelekwe popote kabla mtu aliyehudhuria hajaisoma na kuirekebisha.

Najua wengine watasema: hayo ni mambo ya maofisi, sisi hata umeme wa kuchaji simu ni shida. Ni kweli. Lakini mikutano inayozungumza juu ya maji yetu na vyoo vyetu mara nyingi inafanyika Kigali, sisi hatupo. Kipimo cha kimataifa cha misaada ya dharura kinasema bomba moja lisizidi watu 250, na choo kimoja watu 20. Ofisi ikisema katika mkutano kwamba itaongeza vyoo, na programu ikaiandika ahadi hiyo kwa dakika moja, basi hakuna tena sababu ya orodha kuchelewa kutufikia. Ibandikwe kwenye ubao wa kituo cha afya, nasi tuisome. Kufuatilia kusiwe kwa wakimbizi peke yao. Anayemwuliza mkimbizi kwa nini hakuzibua mfereji naye aulizwe majembe yako wapi.

Mkutano wetu wa nne ulifanyika baada ya safari ile. Sikuwa na mashine, nilikuwa na daftari lile lile. Niliandika majina ya watu watatu, majembe manne, na Jumamosi ya umuganda. Mmoja aliugua, lakini kwa kuwa jina lake lilikuwa limesomwa mbele ya wote, alimtuma mdogo wake. Kabla ya saa tano mfereji ulikuwa unapitisha maji.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu sisi kambini mali ya kwanza ni afya ya watoto. Basi katika mkutano ujao, mtaani kwako, kabla ya kupiga makofi uliza: nani, na lini?