Sindano ya Ujana: Dawa au Biashara ya Hofu?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa uhai na mauti, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Siku moja baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa jamaa ya msikiti wetu alitusogelea, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, mwanangu aliyeko Dubai anataka kunilipia nauli nikatiwe dripu ya kurudisha nguvu. Anasema wazee wanarudi vijana. Je, inafaa?" Hatukumjibu papo hapo. Tuliomba muda tukasome na kuwauliza wenye ujuzi. Na kwa kuwa wenye swali hili ni wengi, tumeona jibu lake tuliweke hapa.

Kinachotiwa katika dripu hiyo huitwa NAD. Ni koenzimu, yaani msaidizi wa vimeng'enya, nayo imo katika kila seli hai. Kazi yake kubwa ni kupokea na kukabidhi elektroni pale chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu. Arthur Harden na William Young waliigundua nchini Uingereza mwaka 1906, walipokuwa wakichunguza uchachu wa hamira. Basi asiseme mtu kwamba jambo hili ni uzushi mtupu. NAD ipo, na ni kweli pia kwamba katika baadhi ya viungo kiwango chake huonekana kupungua kadiri umri unavyosonga.

Tena historia yake ina tiba ya kweli ndani yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, maradhi ya pelagra yaliua maelfu ya mafukara kusini mwa Marekani, ambao riziki yao kubwa ilikuwa mahindi. Ngozi zilibabuka, matumbo yaliharisha, akili zikapotea. Wengi waliyadhani ni maradhi ya kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyekabidhiwa kazi hiyo na serikali mwaka 1914, alishikilia kuwa sababu yake ni chakula. Mwaka 1916 alidungwa damu ya wagonjwa, na mkewe naye akadungwa, wala hawakuugua. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akabainisha kuwa kinachokosekana ni niasini, yaani vitamini B3, ambayo mwili huitumia kutengeneza NAD. Kwa vitamini hiyo, ambayo leo ni ya bei nafuu, mgonjwa wa pelagra hupona.

Hapa ndipo panapotakiwa mizani. Kumpa niasini aliyeikosa ni kutibu upungufu unaojulikana. Kumdunga NAD mzee anayekula vizuri, kwa ahadi ya kurudi ujana, ni jambo jingine kabisa. Mengi ya majaribio yanayotajwa na wauzaji yalifanywa kwa panya. Kwa wanadamu, vidonge vya viini vinavyotengeneza NAD vimeongeza kiwango chake katika damu, lakini hakuna jaribio lililothibitisha kwamba vinarefusha umri. Ama sindano na dripu zenyewe, majaribio yaliyodhibitiwa ni machache mno, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) haijaidhinisha NAD kuwa dawa ya kuzuia uzee. Dripu ikienda kwa haraka, mtu huweza kupata kichefuchefu na kubanwa kifua, ndiyo maana wengine huketi nayo kwa saa kadhaa.

Sisi hatusemi kwamba kila aliyetiwa dripu hiyo ametenda haramu. Uislamu umetuhimiza kujitibu. Katika hadithi ya Usama bin Sharik, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) aliwaeleza mabedui waliomuuliza kwamba kila maradhi yamewekewa dawa, kisha akalitoa moja, nalo ni uzee. Hadithi hii si hoja ya kumnyima mzee matibabu. Mtoto wa jicho atibiwe, shinikizo la damu litibiwe, goti litibiwe. Hayo ni maradhi yanayomkuta mtu uzeeni. Tunachokikataa ni kuufanya uzee wenyewe kuwa ugonjwa, kisha kuuza tiba yake.

Na lawama yetu haimwangukii mgonjwa bali muuzaji. Mtume (S.A.W.) alimkemea mfanyabiashara aliyeacha chakula kilicholowa chini ya kilichokauka. Anayeficha udhaifu wa ushahidi chini ya istilahi za kitabibu ana tofauti gani naye? Goldberger aliutafuta ushahidi kwa mwili wake mwenyewe. Hawa wanautafuta katika mishipa ya wateja, na wateja hao ndio wanaolipa.

Patakuwa na atakayesema: fedha ni za mwana, na nia yake ni wema kwa mzazi. Ni kweli, na Allah (S.W.) amlipe kwa nia hiyo. Lakini tulipomuuliza mzee wetu ni kipi hasa kinachomsumbua, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hawezi tena kusimama rakaa zote, naye anaona haya kuswali ameketi mbele ya vijana.

Ndugu zetu Waislamu, hilo halina dripu. Aliyeshindwa kusimama huswali ameketi, na hiyo ni ruhusa ya sheria, si aibu. Ikiwa mzee anaiona kuwa aibu, basi kosa ni letu sisi tulio safuni naye. Tulimshauri apimwe damu, sukari na shinikizo, kwani uchovu mara nyingi huwa na sababu inayotibika. Na kwa mwanawe tulimtuma ujumbe mmoja: nauli ile aitumie yeye, aje amwone baba yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atujaalie sisi kuwa fimbo zao. Wallahu aalam.